Kipimo Kilichobaki kwa Mama

Usiku wa jana niliota betri nne zimevaa masweta, zimekaa kwenye benchi, zinasubiri nizisalimie.

Ni betri zangu, za mnara mdogo wa mtandao juu ya kilima cha Kwemhafa, kule Lushoto. Mimi ndiye niliyezipigia hesabu miaka miwili iliyopita: umeme ukikatika, ziendeshe mitambo kwa saa nane. Betri ya miaka miwili si mtoto tena, kwa hiyo naziamkia.

"Shikamoo."

"Mara," inaitikia ya tatu, ambayo ndiyo msemaji wao.

"Marahaba nzima hamna?"

"Sisi hatutoi zaidi ya nusu, fundi. Ukitukamua hadi chini tunakufa mapema. Hilo hukufundishwa chuoni?"

Nilifundishwa. Ila kwenye hesabu zangu nilizikamua hadi tone la mwisho, ili nne zionekane zinatosha. Nakaa kwenye nusu ya kiti, kwa sababu nusu nyingine imefungwa kufuli.

Betri ya tatu inatoa fomu. Naifahamu fomu hiyo, ina sahihi yangu yenye mkia mrefu wa majivuno. Imeandikwa: muda wa akiba, saa nane, imejaribiwa.

"Ziite hizo saa nane tuzione," inasema.

Mlango unafunguka, na zile saa zinaingia moja moja, kila moja imejibebea kiti chake. Zinaingia tatu. Zinakaa na kujifuta umande miguuni. Nyuma yao vinaingia viti vitano vitupu, vinajipanga vyenyewe, kisha mlango unafungwa.

"Nyingine ziko wapi?"

"Labda ziko njiani," nasema.

"Fundi."

"Hazipo. Sikupima."

Hapo betri zote nne zinashusha pumzi, na baridi inaingia humo kwenye kibanda cha mitambo. Zinataka maelezo, nami nawapa ninyi yale yale niliyozipa.

Siku ya kukabidhi mnara niliteremka kwanza kwa mama yangu, Bi Mwanaheri, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya kilima hicho hicho. Alinipikia makande. Redio yake ilikuwa imenyamaza, basi nikatoa kipimo changu cha volti, chenye waya mwekundu na mweusi, nikampimia betri zake. Nikamwonyesha na kitufe. "Ukimaliza unazima, mama, maana nacho kina betri yake ndani." Alifurahi, akakiwasha na kukizima mara tatu, kisha mimi nikakiwasha tena kupima betri ya mwisho, nikakiweka kando ya mtungi.

Nilipofika juu kipimo sikukiona mkobani. Kukirudia ni saa nzima ya mlima, na makande yalikuwa yameshanilemea tumboni. Nikakata umeme, nikatazama taa za mitambo kwa dakika ishirini. Zikawaka bila wasiwasi. Nikaandika saa nane.

Baada ya mwezi mmoja umeme ulikatika Kwemhafa, asubuhi. Betri zangu zilihimili saa tatu. Zilipokuwa zinakata roho, mama alinipigia nikiwa Tanga mjini. "Mwanangu, kile..." akasema, na mtandao ukafa. Mchana presha ikamwangusha. Nesi Eshe wa zahanati alipiga simu kuita gari la wagonjwa hadi akakata tamaa. Umeme ulirudi jioni, mama hakuungojea.

Msibani watu waliulaumu umeme. Nami niliulaumu pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko yeyote. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota meno.

"Kiti cha nne kina mwenyewe," inasema betri ya tatu.

Nageuka. Kibanda cha mitambo sasa ni jiko la mama, na mama amekaa kwenye kiti cha nne, anachambua maharage. Mlingoti wa mnara umepita katikati ya mafiga. Yeye anauzunguka tu anapokoleza moto, kama amezaliwa ameukuta.

"Umekonda," ananiambia.

"Mama, siku ile ulinipigia. Ulisema 'mwanangu, kile', kisha basi."

"Maneno yaliyobaki ninayo. Betri zako ziliniwekea kwenye ile nusu ya chini, isiyoguswa."

Miaka miwili nimeimalizia sentensi ile kila namna, na kila namna alikuwa ananililia nimwokoe.

"Nilitaka kukwambia kile kidude chako chenye waya mbili nimekiona," anasema. "Kilikuwa kimeangukia nyuma ya mtungi. Nimekitia kwenye birika la buluu kisipate vumbi. Nikasema nikupigie usihangaike, mtu wa kazi hawezi kukaa bila chombo chake."

"Hukuwa unaumwa?"

"Wakati ule? Nilikuwa mzima, nachota maji."

Anatupa harage bovu. Nataka kumshika mkono, lakini mkono wangu unafika nusu tu ya njia.

"Mama, ile fomu ya mnara niliiandika bila kupima."

"Najua, baba. Kipimo si kilikuwa kwangu?"

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Juu ya kabati letu kuna boksi la vyombo vya mama nilivyogawiwa baada ya arobaini, na sijawahi kulifungua. Mke wangu Zulfa amechoka kuniuliza. Nimelishusha leo, yeye akinitazama mlangoni.

Birika la buluu lilikuwa chini kabisa, zito kuliko birika tupu. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha kichwani cha mama, kimefungwa mafundo mawili. Nikayafungua kwa meno.

Kipimo changu kilikuwa humo, waya mwekundu na mweusi zimeviringishwa pamoja. Na kitufe chake, ambacho mimi fundi mwenye vyeti nilikiacha kimewashwa siku ile nikikimbilia sahihi yangu, mama alikuwa amekizima.