Jina Ndani ya Kola

Nguo hurudi kwa aliyeishona. Ndivyo Kadidja alivyofundishwa na mama yake katika duka lao la cherehani mbili, mjini Gitega, na ndivyo alivyofanya miaka yote. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilibeba ndani ya kola maandishi ya uzi mwekundu: jina la mwenye nguo, na chini yake, *Kadidja, Gitega*. Ikipotea kwenye basi au ikisahauliwa kwenye kamba ya jirani, itarudi. Na kweli zilirudi. Majirani wakamtania, "Kadidja, we unashona nguo ama unaandika barua?" Naye akawajibu, "Barua gani inafunika mgongo?"

Kila mwaka kabla ya mvua ilikuja komande moja kubwa ya kushona: sare za walinzi wa wanyama wa bonde la Ruvubu, kule Muyinga. Mashati thelathini ya kijani. Kadidja aliyashona kwa moyo, maana mwanawe wa pekee, Mustafa, alikuwa mmoja wa wale thelathini. Halafu mwaka mmoja yakaja mashati ishirini na mawili. Kisha kumi na moja. Mwaka huu Mustafa akapiga simu mwenyewe.

"Mama, shona matatu."

"Matatu ya nini? Makumi?"

"Mashati, Mama. Tumebaki watatu."

Kadidja akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hofu ilimwingia kama maji ya dimbwi yanavyoingia kwenye kiatu, polepole, mpaka ukashtuka umelowa. Akafanya lile alilofanya siku zote akitaka kujua kama mtoto ni mzima: akamtegea kitendawili, kwa Kirundi cha kwao.

"Sokwe!"

"Niruze," Mustafa akajibu, kama ajibuvyo mtu aliyekubali kutegewa kitendawili.

"Wamesimama kilimani mchana kutwa, hawali, hawanywi, na wezi wanawaogopa."

"Sanamu za shambani, Mama. Hicho umenitegea tangu mi mtoto." Akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati.

Mashati yalipokwisha Kadidja hakuyatuma. Aliyafunga ndani ya kitenge, akafunga duka, akapanda basi la Muyinga. Alikuwa na neno moja tu moyoni: atarudi na mtoto wake.

Barabarani, mahali basi lilipomshusha, alipokewa na Damiano, mkulima ambaye shamba lake limepakana na bonde. Damiano alikulia kambini Tanzania akarudi mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio.

"Shikamoo, mama. Mustafa kanituma nikupokee. Nipe huo mzigo niufunge kwenye baiskeli."

"Marahaba, baba. Yeye iko wapi?"

"Yuko kituoni. Haachi kituo siku hizi. Wakiondoka wawili, anabaki mmoja."

Walipanda kilima wakisukuma baiskeli. Kadidja akauliza kile kilichomkaba tangu Gitega: wale wengine wameenda wapi?

"Wameenda kutafuta chakula," Damiano akasema. "Mama, mshahara wa hawa vijana ulikuwa unatoka kwa wawindaji. Hukujua? Ng'ambo ya mto, upande wa Tanzania, kuna kitalu cha uwindaji. Walikuwa wanakuja wazee wa Ulaya na bunduki zao. Mzee mmoja analipa pesa nyingi kwa nyati dume mmoja, tena aliyechoka, anayefukuzwa na wenzake. Fungu la zile pesa lilivuka mto kuja kulipa walinzi wa huku. Maana nyati hana pasipoti. Anazaliwa huku, anauawa kule."

"Na sasa?"

"Sasa wale wazee wengine wamekufa, wengine magoti yamegoma. Watoto wao hawataki kuwinda. Wanasema ni aibu. Mwaka jana alikuja mmoja tu, anatembelea fimbo. Alikaa siku nne hakupiga risasi hata moja, akaondoka. Mfuko ukakauka."

Kadidja akasimama. "Mi nilikuwa naomba Mungu, kila nikimaliza kuswali, wale wauaji wasirudi. Niliona uchungu kwa wanyama."

"Basi dua imepokelewa, mama," Damiano akasema bila kucheka. "Mzee mmoja alikuwa anaua nyati mmoja. Hawa waliokuja badala yake wanaua kila kitu. Wanakuja kundi, arobaini, hamsini, na mikuki na mbwa. Mbwa wamevaa kengele za mti shingoni. Wakiwa njiani wanazijaza majani zisilie. Wakifika kwenye wanyama wanatoa majani. Ukisikia kengele, ujue wameanza."

Kituo kilikuwa nyumba ya matofali yenye bati, juu ya kilima kilichotazama bonde lote. Mustafa alitoka mlangoni, amekonda, shati limechanika begani. Nyuma yake wenzake wawili, Nazario na Fredi, vijana ambao mama zao pia walikuwa hai mahali fulani. Kadidja alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili.

"Vua hilo shati, linanitia aibu. Vaa hili. Halafu funga vitu vyako, tunaenda."

"Mama, umefika sasa hivi," Mustafa akasema, huku mama yake akimvua lile lililochanika na kumvisha jipya, na wenzake wakipokea yao.

"Na sasa hivi ndio tunaenda. Bon, kesho asubuhi."

"Nikiondoka watabaki wawili."

"We si ukuta, Mustafa! We ni mtu, iko na damu moja tu!"

Nazario akainamisha macho. Na kabla Mustafa hajajibu, Fredi akainua mkono. Wote wakatega sikio.

Kutoka chini, kwenye nyasi ndefu za kando ya mto, ilikuja sauti kavu: ko-ko, ko-ko-ko. Kama mtu anayegonga mbao. Kisha nyingine, na nyingine. Jua la alasiri liliwaka peupe, kila kitu kilionekana, na hilo ndilo lilimtisha Kadidja zaidi. Watu walitoka kwenye nyasi mstari mrefu, mikuki ikimeta, bila haraka, kama watu wanaokwenda shambani kwao. Kundi la kuro lilikurupuka mbele yao. Kando ya mto wanaume wale wakageuza uso, wakatazama juu, kituoni. Walijua kuna watatu. Mmoja akanyoosha mkuki kuonyesha njia ya kupanda kilima.

"Wanakuja huku?" Kadidja akauliza.

"Wanataka bunduki," Mustafa akasema taratibu. "Wanajua tuna mbili. Hawajui kwamba risasi ziliisha tangu Pasaka."

Hofu ina namna mbili, moja inafunga miguu na nyingine inafungua macho. Kadidja aliona, nyuma ya mlango uliokuwa wazi, rundo la nguo za kijani. Mlinzi akiacha kazi hurudisha shati. Ndiyo desturi ya kazi ile. Yalikuwa ishirini na saba. Yote ameshona yeye.

"Sokwe!" akasema.

"Mama, si sasa!"

"Sokwe, nimesema!"

Mustafa akamtazama mama yake, akatazama rundo, akaelewa. "Niruze!" akapiga kelele, na tayari alikuwa anakimbia. "Damiano! Miti yako ya maharage!"

Damiano alikuwa na miti mingi ya kupandishia maharage, imeegemezwa ukutani kwake hatua chache chini. Wakafanya kazi kama watu wanaozima moto. Nazario anachimbia, Fredi anafunga mti wa kupita mabegani, Kadidja anavisha. Vidole vyake, vilivyofunga vifungo miaka arobaini, vilisahau kazi, vikateleza. Ko-ko-ko, kengele zilisogea. Walipanga mashati katikati ya migomba na vichaka, nusu yamejificha, nusu yanaonekana. Yakaisha kabla ya kufika ukingo wa kilima. Palibaki pengo. Kadidja akaliona lile shati lililochanika, lile alilomvua Mustafa, limeanguka mlangoni. Akaliokota, akalivisha mti wa mwisho.

Mustafa na wenzake wakajitokeza na mashati mapya, wakatembea mbele ya mstari kama wakubwa wanaokagua askari. Upepo ukainua mikono ya yale mengine.

Chini, mstari wa mikuki ukasimama. Kadidja, aliyelala kifudifudi kwenye mtama, alisikia moyo wake ukipiga ardhi. Watu wale walitazama muda mrefu, muda wa kuchemsha chai. Kisha mmoja akapiga mluzi, mbwa wakaitwa, na wote wakarudi nyasini.

Damiano alicheka mpaka akakaa chini. "Mama! Umewaajiri wote upya, bila mshahara!"

Hata Kadidja alicheka, machozi yakimtoka. Wakayaacha mashati pale pale, maana nani angethubutu kuyatoa? Usiku ulipita salama, na asubuhi ukungu ulipoanza kuondoka, Kadidja akatoka kuyahesabu, kama fundi ahesabuvyo nguo zake.

Ishirini na saba.

Akarudia toka mwanzo. Ishirini na saba. Akatembea mpaka ukingoni, kwenye mti wa mwisho. Mti ulisimama uchi. Pale penye shingo ilining'inia kengele ya mti, imejazwa majani mabichi, imebanwa isilie.

Wale wa mikuki walikuwa wamefika mpaka pale, wamegusa, wamejua kwamba mashati hayana watu. Hilo peke yake lilitosha kumtisha. Lakini kilichomfanya Kadidja azibe mdomo kwa kitenge kilikuwa kingine. Aliliona lile shati lililochukuliwa kama analo mapajani, kola imepinduliwa, uzi mwekundu. Jina la mwanawe. Chini yake, jina lake na mji wake. Mkono wake mwenyewe ndio uliowaandikia.

Mustafa alikuja nyuma yake. Alitazama mti.

"Mwanangu," Kadidja akasema, "mi ndiye nimelivisha."

"Najua, Mama."

Mustafa aliitoa ile kengele. Akachomoa majani, jani moja moja, kisha akaitikisa kwa nguvu zake zote kuelekea bondeni. Kuro, wanaoijua sauti ile kuwa ni ya kifo, walikurupuka kutoka kwenye nyasi, na pongo, na nguruwe na watoto wao, wakajitupa mtoni, wakavuka kwenda ng'ambo ambako hakukuja tena mwindaji, wala hakukuwa tena na mlinzi. Aliitikisa mpaka bonde likawa tupu. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho ya ulinzi.

"Twendeni," akawaambia wenzake. "Wote watatu."

Damiano hakuwazuia. Aliomba kitu kimoja tu. "Tuachieni mashati, mama. Nyati wakirudi, bila walinzi wataingia mtama wetu, na nyati hajui kukagua kama shati lina mtu."

"Nitakuachia. Ningoje kidogo."

Kadidja akakaa chini kwenye umande, akatoa wembe kwenye kibweta chake, akaanza kufumua. Jina moja baada ya jingine, uzi mwekundu ukianguka majanini, Ignasi, Sudi, Rachid, mpaka kola zote ishirini na saba zikabaki tupu. Hakutaka jina la mtoto wa mtu lisimame pale peke yake.

Sasa Mustafa anauza vitambaa mlangoni kwa mama yake, mjini Gitega. Halii wala hacheki sana. Kadidja humwambia "Sokwe", naye hujibu, lakini huwa anatazama barabarani anapojibu. Wateja wanaleta nguo za kurekebisha kama zamani, zimekunjwa ndani ya mifuko. Kabla ya salamu, kabla ya kuuliza kama ni suruali au gauni, Kadidja huchungulia mfukoni kama kuna kijani, na hupindua kola.

Miaka yote aliwaambia watu kwamba nguo yake haipotei, itarudi tu.

Lile bado halijarudi.