Pini Mahali pa Utepe

Kichwa cha nguruwe kilikaa mezani kama kinatabasamu, mishumaa imewashwa, na kikundi kizima cha filamu kimejipanga studioni kutambika, kazi isije ikaingiwa na mkosi. Bo-reum alisimama nyuma ya Myeong-hwa, mbunifu mkuu wa mavazi, mwanamke aliyemfundisha hata kushika mkasi. Leo majina ya wabunifu wa filamu yangesomwa. Myeong-hwa alikwisha kumwahidi: "Mavazi ya mtangazaji umechora wewe, mdogo wangu. Jina litakuwa lako."

Mtangazaji huyo wa redio, msichana wa kisasa wa Seoul ya miaka ya thelathini, ndiye mhusika mkuu. Bo-reum alimchora nywele fupi, sketi imepanda juu ya vifundo vya miguu, na kifuani, badala ya utepe mrefu wa kufungia koti la jadi, pini ndogo ya fedha.

Mwongozaji Pyo akakunjua karatasi. "Mavazi yote: Mwalimu Tak Myeong-hwa!"

Makofi. Bo-reum akangoja jina la pili. Halikuja.

"Mwalimu, hii pini umeiwazaje?" mwigizaji akauliza. "Naipenda kama nini!"

Myeong-hwa akacheka kidogo. "Nilimfikiria mama anayenyonyesha. Kila akiinama, mtoto anavuta utepe, koti linafunguka. Mwanamke wa kisasa atafunga mara ngapi?"

Maneno hayo aliyasema Bo-reum mwenyewe, katika chumba cha kushonea, mwanawe akiwa kifuani, Myeong-hwa akiuchezea mguu mdogo wa mtoto. Myeong-hwa hakuwahi kuzaa.

"Dada, mtoto gani huyo?"

"Mtoto yeyote, wewe naye! Usinitie aibu mbele za watu."

"Ana jina. Anaitwa Da-on. Na michoro ni yangu."

Fundi wa taa akakohoa. Pyo akaikunja karatasi yake. "Haya, haya, ya chumba cha kushonea yaishie huko huko. Tuleni, mkate wa tambiko unapoa."

Myeong-hwa akakata kipande kinene cha mkate wa mchele, akamnyooshea Bo-reum kwa mikono miwili, kama mdogo anavyompa mkubwa. "Kula, mdogo wangu. Filamu ijayo, naapa."

Kuukataa mkate wa tambiko ni kuitakia kazi mabaya, na kila jicho lilikuwa kwake.

"Nimeshiba, dada."

Akakiinamia kichwa cha nguruwe kuaga, si Myeong-hwa, akatoka kwenda kumchukua mwanawe.