Mapanga Sita ya Mzee Yotham

Saa tatu asubuhi, Jumanne, mtambo wa upepo wa Mzee Yotham huko Miyuji ulikuwa unazunguka, na taa ya mashine ya kutotolea vifaranga ilikuwa imezimika.

Fundi Erica, aliyeufunga wiki moja kabla, alitazama juu. Alikuwa ameuacha mtambo na mapanga matatu ya kuzungushwa na upepo. Sasa yalikuwa sita. Matatu ya mbao, yamepakwa rangi ya bluu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekumalizia kazi. Nilijua bajeti ilikubana.”

“Baba, matatu yalitosha.”

“Mtambo wa misheni ulikuwa na kumi na nane!”

“Ule ulivuta maji. Pampu inataka nguvu, hata ukizunguka polepole. Dinamo inataka mbio. Hizi mbao ni uzito na gharama tu.”

“Mwenye ng'ombe sita na mwenye watatu, tajiri nani?”

“Inategemea wangapi wana maziwa.”

Mzee aliguna. “Basi ungeweka mawili, ukaniokolea bei.”

“Mawili ni nafuu, ila yangeitikisa nguzo mpaka majirani wakuulize kuna ngoma ya nani.”

Ndani, Mama Paskazia alikuwa amezungushia mashine blanketi na chupa za maji ya moto. Mayai yalibakiza siku mbili kuanguliwa. “Yotham!” alifoka. “Yakipoa haya, utayaatamia mwenyewe, na hapo barazani, watu wakuone!”

“Nimeshaalika watu waje kuona sita,” mzee alimnong'oneza Erica.

Erica aliunganisha kipimo cha umeme, akamwonyesha. Betri ilihitaji volti zaidi ya kumi na mbili. Mtambo ulitoa saba. Mzee alikitikisa kipimo, akakitazama tena. Saba. Akaenda mwenyewe kulegeza kamba za nguzo.

Waliilaza, wakafungua mbao, wakaisimamisha. Upepo ulipokaza, mapanga yalizunguka hata yasionekane, likabaki duara jeupe. Kipimo kilipita kumi na nne. Taa ikawaka.

Wakati huo jirani yake, Mazengo, alikuwa ameshafika langoni. “Yotham, umesema mangapi vile?”

Mzee alinyoosha kidole juu. “Una macho. Hesabu.”

Mazengo alihesabu mpaka shingo ikamuuma, akashindwa, akakubali kukaribishwa chai.

Alhamisi alfajiri yai la kwanza lilipata ufa. Kufikia adhuhuri, vifaranga kumi na tisa walikuwa wamesimama chini ya taa.