Gari Lenye Sinki

Gerishom alipostaafu ukarani wa bandarini Mombasa, aliuza kiwanja walichokuwa wamekiweka kwa ajili ya nyumba ya uzeeni, akanunua gari lenye sinki. Ndiyo, sinki. Mtaliano mmoja wa Malindi aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyemuuzia: Kombi kuukuu yenye rangi ya maziwa yaliyoganda, ndani kitanda cha kukunja, jiko la gesi, mapazia ya maua, na hilo sinki ambalo maji yake yalitoka kwa kukanyaga kidude sakafuni. Mkewe, Kadzo, alilizunguka gari mara mbili akiitafuta nyumba, asiione.

"Nyumba ndiyo hii, Mama Zipporah," Gerishom alimwambia. "Tutawazuru jamaa zetu wote, mmoja mmoja, wala hatutamsumbua mtu."

Mwanamume wa miaka hamsini na mitano, meno yote yangalipo kinywani, ila akili ilistaafu kabla yake. Hivyo ndivyo Kadzo alivyomwona, na miaka miwili ya kuzungushwa pwani haikumpa sababu ya kubadili mawazo. Zipporah, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Nakuru, na mzazi mwenye haya hahamii kwa mkwewe. Basi kufikia mwaka huo wa themanini na sita, Kadzo alibakiwa na tumaini moja tu, nalo ni mji wa marehemu baba yake, boma la ukoo wao huko Dabaso. Dada yake mkubwa, Kache, alikuwa amerudi hapo baada ya kufiwa na mume, na sasa yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Kache akikubali, Kadzo angepata pa kusimamisha kijumba cha udongo, azeekee humo kama watu. Akikataa, angezeekea kwenye Kombi, magoti kidevuni.

Lakini Gerishom alitaka Dabaso iwe ya mwisho. Kwanza Takaungu, kwa Priscilla, binti wa nduguye.

Priscilla aliwachinjia kuku. Gerishom alimega sima matonge mawili, akapangusa vidole kwa leso, akasema ameshiba.

"Ami, hata mchuzi hujaugusa," Priscilla alisema.

"Tulikula njiani, mwanangu. Usijisumbue kwa ajili yetu."

Kisha akaingia garini, akavuta mapazia. Punde jiko la gesi likaanza kuvuma, na harufu ya vitunguu ikawafikia wote waliokuwa wamekaa uani. Mtu mzima na mvi zake anajificha kukaanga mayai, na kuku wa watu anapoa! Kadzo alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamla yule kuku hadi mifupa ili kuifunika aibu ya mumewe. Ulipofika wakati wa kulala, Priscilla aliwatandikia kitanda chake mwenyewe cha kamba. Kadzo akakitazama, akautazama na mto uliojazwa vitambaa vikuukuu, akasema mgongo wake hauwezi. Akaenda kulala garini. Hilo hakulitia katika hesabu. Makosa aliyoyahesabu ni ya Gerishom, na hayo yalimtosha.

Kwenye foleni ya feri ya Kilifi, Gerishom alifungua mapazia yote, mlango akauacha wazi, akaanza kuosha kikombe. Kikombe kimoja, kilichokwisha kuwa safi. Alikiosha tangu mwisho wa foleni hadi ukingoni mwa maji, ili kila aliyepita na kapu lake aone sinki. Wauza korosho walikusanyika kutazama. Mmoja akauliza kama humo ndani kuna choo pia, wenzake wakaangua kicheko, naye Gerishom akacheka pamoja nao, akidhani amesifiwa.

Malindi, mtaa wa Shella, walimkuta kaka yake Gerishom, mzee Gona, amekaa barazani. Huyu hakuandaa chakula wala hakutandika kitanda. Habari za Takaungu zilikuwa zimemfikia kabla ya gari.

"Gerishom," alisema baada ya salamu, "nyumba yangu ina nini?"

"Haina kitu, kaka. Ni kwamba sisi tuna kila kitu humu."

"Na chakula changu kina nini?"

Gerishom hakuelewa, au alijifanya haelewi. Akamshika nduguye mkono, akamwingiza garini, akakanyaga kidude. Maji yakatoka. Gona aliyatazama yakitiririka mpaka yakakatika.

"Mtu anayekwenda kwa ndugu zake na maji yake mwenyewe," alisema taratibu, "anawatangazia watu kuwa ndugu zake ni wachawi. Wewe hujalitamka kwa mdomo. Umelitembeza kwa gari, toka Takaungu hadi hapa."

"Hayo mambo ya kizamani, kaka," Gerishom akasema, akacheka.

Kadzo aliona Gona amesema kweli tupu, tena amechelewa kuisema. Walipofika njia panda ya Gede, wakirudi kuelekea Dabaso, alimwambia mumewe asimamishe gari.

"Baba Zipporah, nisikilize. Kwa dada utakula kila utakachopewa. Utakunywa maji ya mtungini. Utalala ndani, hata kama ni chini. Ukinitia aibu huko, katika gari lako utalala peke yako mpaka ufe."

Gerishom alinuna, lakini alikubali. Njia nzima iliyobaki Kadzo alimtazama kwa pembe ya jicho, akiwaza jinsi mtu mmoja anavyoweza kumharibia mwenziwe ukoo mzima.

Walimkuta Kache uani, anashona makuti. Alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho, kwenye matanga ya kaka yao Nzai, mwaka juzi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shemeji, karibu. Kaeni."

Hakuinuka, na mikono yake haikuacha kazi. Kadzo alikuwa amepanga kuanza mbali, aulize habari za mihogo na mvua, lakini kwa hofu akaanzia mwisho.

"Dada, nimekuja kuomba pa kujenga. Popote utakaponionyesha, hata kule nyuma kwenye mawe. Gari limenichosha, na mwenye gari amenichosha zaidi."

Gerishom alitazama viatu vyake. Kache alimaliza kuti moja, akaliweka kando, akachukua jingine.

"Alipokufa Nzai tulilala chini siku saba," alisema. "Watoto, wazee, wakwe, hata yule jirani mwenye mguu mbovu. Mkeka wako niliutandika kando ya wangu."

Kadzo akaokota ukuti uliodondoka, akaanza kuuchana.

"Siku ya kwanza nikasikia mlango wa gari ukifungwa kwa ufunguo. Nikasema, huyo ni Gerishom na maringo yake. Nikanyoosha mkono nikushike. Nikashika mkeka."

"Ni mgongo, dada. Mgongo ulikuwa—"

"Mgongo," Kache akakubali. "Kati yangu na wewe, mwenye mgongo mzee ni nani?"

Kadzo alimgeukia Gerishom, kama alivyozoea kumgeukia kila aibu ilipotaka mwenyewe. Safari hii hapakuwa na cha kumbebesha. Siku hizo saba Gerishom alilala mchangani pamoja na wanaume wenzake, akikoroma, kwa sababu mkwe huogopa ndimi za watu. Aliyejifungia garini, akavuta mapazia ya maua na kushukuru kwa godoro, alikuwa yeye, binti wa mji. Alijidharau hapo alipokaa, na dharau hiyo ilikuwa chungu kuliko yote aliyowahi kummiminia mumewe.

"Pa kujenga ni pa watu wa mji huu," Kache alisema, akiinuka kwa kujishika kiuno. "Mgeni tunampa maji."

Akaenda mtungini, akachota kwa kata, akampa Gerishom kwa mikono miwili. Gerishom alimtazama mkewe, akakumbuka ahadi, akanywa yote bila kupumua.

Kache akachota tena. Kata hii hakumpa Kadzo. Aliipeleka kwenye midomo yake mwenyewe, akanywa mafunda mawili, akameza polepole ili aonekane akimeza, akaifuta ukingo kwa kiganja, ndipo akamnyooshea.

"Kunywa. Hayana kitu."

Hivyo ndivyo anavyonyweshwa mpita njia asiyekujua, au mtu wa ukoo mliogombana nao: unaonja mbele ya macho yake ili asikushuku. Kadzo hakuwahi kusikia mtu akimwonjea ndugu wa tumbo moja. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akaipindua kata ili dada yake aone kwamba hakubakisha, hakutema, hakuogopa.

"Nipe tena, dada," alisema.

Kache alichota, akaonja kwanza, akampa.