Presha ya Bi Mkubwa

Gari letu lina mdomo. Usipofunga mkanda linapiga kelele, mlango usipoukaza vizuri linapiga kelele, na tangu mwezi uliopita limeongeza taa ya manjano ya matairi, ile yenye alama ya mshangao. Ndiyo maana mimi na mama mdogo tulilipachika jina la Bi Mkubwa, jina ambalo nyumbani sote tunamwita mama yangu tangu zamani. Mama alipogundua alinuna siku mbili, kisha akaanza kulitumia na yeye.

Asubuhi hiyo taa iliwaka tena. Nilikuwa nimpitie mama mdogo twende sokoni, lakini nikakata kona kwa fundi wa matairi, Mama akiwa kiti cha mbele. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Mama mdogo, usinisubiri. Presha ya Bi Mkubwa imeshuka tena, nimemleta aangaliwe." Akajibu, "Poleni." Nikatia simu mkobani.

Fundi alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi.

"Dada, juzi si ulijaza upepo?"

"Nilijaza. Taa haikuzimika."

"Ulijaza, lakini gari hukuliambia."

Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko chenye vipimo, akajaza magurudumu yote manne akipima kwa geji yake, hata lile nililomwambia liko sawa. Kisha akaniketisha kwenye usukani.

"Washa swichi, injini iache. Hapo chini kuna kitufe. Bonyeza, usiachie mpaka taa ikonyeze mara tatu." Taa ikakonyeza. "Sasa endesha dakika ishirini bila kusimamasimama, lijifunze upepo mpya. Ukienda tu hapo dukani ukazima, kesho utarudi hapa kusema fundi hajui kazi."

"Dakika ishirini za kuzurura!" Mama alisema kutoka kwenye benchi. "Gari gani hili la kufundishwa?"

Nilitoa simu kuangalia saa. Kulikuwa na simu tano ambazo sikuzisikia kwa kelele za mashine ya upepo, zote za mdogo wangu, Kitinda.

Kitinda hakuwa amenipigia kwa miaka miwili. Aliondoka nyumbani siku Mama alipomwambia mchumba wake, mbele ya wageni, kwamba mwanamke aliyeachika hatavuka kizingiti chetu. Akamwoa hivyo hivyo. Mama akatangaza kwamba hana mtoto wa kiume, halafu kila jioni ananiuliza, huku akijifanya anatafuta miwani, kama "yule" kasema lolote kwenye kundi. Yule hasemi. Anasoma tu. Nimewaambia wote wawili kwamba vichwa vyao vimetoka kwenye jiwe moja, wakanuniana na mimi pia.

Gari tulilinunua baada ya yeye kuondoka. Hakujua kwamba lina jina.

Chini ya zile simu kulikuwa na ujumbe: "Naenda hospitali kuu. Mbona hupokei? Mwambie Mama anisubiri. Nakuja."

Nikaanza kucheka. Nilipofika kwenye neno anisubiri, kicheko kikanikauka. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena, hola. Nikaona picha yote: anafika kule, hatukuti, anasikia tuko wazima wa afya, anaamini nimemchezea shere, anaondoka. Na safari hii asingerudi.

"Mama, panda. Fundi kasema tuendeshe."

Hospitali kuu ilikuwa upande wa pili wa mji. Tulipopita mzunguko wa kwanza Mama akageuza shingo.

"Hii si njia ya sokoni."

"Ni njia isiyo na foleni."

Akapekua mkoba kana kwamba anatafuta miwani. "Yule kasema lolote?"

Mimi kudanganya siwezi, na nimechoka. "Kasema anakuja. Amesoma kwamba presha yako imeshuka."

"Presha yangu?"

"Ya gari, Mama. Nimeandika Bi Mkubwa. Yeye Bi Mkubwa anamjua mmoja tu. Anakimbilia hospitali."

Nilijiandaa kutukanwa. Mama alivuta mtandio wake mbele, akaurudisha nyuma, mikono haijui pa kukaa.

"Mtoto wangu anajua nakufa," alisema, "na wewe unatambaa?"

Nikakanyaga mafuta. Sikumbuki taa ilizimika wapi.

Tulimkuta mapokezi, ameinama kwenye dirisha la karani, shati kalivaa ndani nje. "Angalia tena, dada. Angalia vizuri, ni mama yangu." Nyuma yake alisimama mke wake na kikapu cha mtu anayekwenda kulazwa: shuka iliyokunjwa, chupa ya chai, sabuni, na ndala mpya juu kabisa.

"Kitinda," Mama aliita.

Aligeuka akamwona amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akalia kwa sauti, mwanaume mzima, watu wote wakitazama. Mama alimshika kichwa, akamshika mabega, akamgeuzageuza kana kwamba mgonjwa ni yeye. Mimi nikaeleza, nikaishia katikati.

"Gari?" aliuliza Kitinda.

Karani akaficha uso nyuma ya faili. Kitinda alinitazama kwa jicho kali, na nilistahili, lakini mkono wa Mama hakuuachia.

Mke wake ndiye aliyerudi nyuma. Aliweka kikapu chini taratibu. "Namshukuru Mungu mama ni mzima," alisema. "Mimi nitawasubiri nje."

Nilimwonea huruma. Nikamtazama Mama nikisema moyoni, ukimwacha huyu atoke mlango ule, na mimi nitahama.

Mama alikuwa anaangalia kikapu. Akainama, akatoa zile ndala, akazigeuza kusoma namba kwenye soli. Miguu ya Mama ni midogo mno, hata mimi, mtoto wake wa kwanza, hununua nikakosea.

"Nani kakwambia namba yangu?"

"Hakuna, mama."

"Umejuaje?"

Binti yule alisita. "Siku ile nilipokuja kwenu," alisema, "muda wote ulipokuwa unaongea, nilikuwa naangalia chini."

Karani akatoa uso nyuma ya faili.

Mama akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alivua viatu vyake, kimoja kimoja, akavaa ndala zile. Zilimkaa sawasawa. Kitinda akanyoosha mkono kumwinua, lakini Mama akaupita, akamnyooshea yule binti mkono wake.

"Nishike, mwanangu," alimwambia. "Sakafu hii inateleza."

Sakafu ilikuwa kavu kabisa.