Kofia ya Bwana Fairlie

Jumamosi saa saba mchana, Nicodemus Wasike alitoka jikoni akiwa na sahani ya supu ya mkia wa ng'ombe, kanzu nyeupe mwilini na mshipi mwekundu kiunoni, katika hoteli ya wazungu karibu na stesheni ya Nakuru. Alipopita kwenye ubao wa kutundikia kofia, kofia ya Bwana Fairlie, ile ya felti yenye ukanda wa ngozi ya chui, ilijiinua shibiri moja, ikatulia hewani kidogo, kisha ikarudi kwenye kigingi chake. Nicodemus hakusimama. Supu ilikuwa inapoa.

Jikoni alimsimulia Odero, mpishi.

"Imekusalimia," Odero alisema, akigeuza viazi. "Uliitikia?"

"Nilikuwa na supu mkononi."

"Hata kama! Wewe ni mtu mzima, Wasike. Ukisalimiwa unanyamaza tu?"

Nicodemus aliona haya. Alirudi, akasimama mbele ya ubao, akainamisha kichwa. Kofia ikajiinua tena, na safari hii zile nyingine zikafuata, hata helmeti ya daktari wa mifugo, ambayo ilikuwa nzito na ikapanda kwa shida.

Wateja wa hoteli ile walikuwa watu wa adabu sana. Mwanamke akiingia, wanaume wote walisimama, hata aliyekuwa na jongo mguuni. Supu waliinywa kimya. Bibi mmoja kutoka Njoro alimshukuru mbwa wake kila mbwa huyo alipoketi kama alivyoambiwa. Ila aliyewaletea chakula walimsemesha wakiangalia dari, au buli la chai, au walipiga vidole tu. Waliita "Boi!" naye Nicodemus, mwenye wajukuu wawili, alifika.

Bwana Fairlie alilima pareto kule Molo, na tangu vita vya Hitler viishe hakuna mkono mwingine ila wa Nicodemus uliomwekea sahani mezani Jumamosi. Nicodemus alijua kwamba mzee hapendi karoti, na kwamba barua za dada yake humkosesha hamu ya pudini. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kurudi kwao Kimilili kuzeeka: mzee yule amwite kwa jina, mara moja, hata ikiwa ni kuomba chumvi. Kutoitwa kulimuuma, na mkewe, Nabalayo, alijua.

"Kofia yake imenisalimia," alimwambia Nabalayo jioni ile.

Nabalayo aliuza kabeji sokoni, na hakuacha kukoroga ugali. "Hata mimi ilinisalimia juzi. Nikaiuliza habari ya Molo. Lakini Baba Wafula, mwenyewe alikuwa pale chini yake, anaangalia kando."

"Pengine inamfundisha."

"Basi ina kazi."

Kweli ilikuwa nayo. Kutoka benki hadi stesheni Bwana Fairlie alipishana na watu wazima wengi kiasi kwamba kofia haikupata nafasi ya kukaa kichwani, na jua la Nakuru likafanya lake. Upara ukawa mwekundu kama nyanya, kisha ukaanza kubambuka. Mezani wenzake walimpa pole kwa kiangazi. Habari ya kofia hawakuitaja, kwa sababu kutaja kungekuwa utovu wa adabu.

Jumamosi iliyofuata Bwana Fairlie aliinua kidole.

"Boi! Wewe nafanya nini na kofia yangu?"

"Naitikia tu, bwana. Yenyewe ndiyo inaanza."

Bwana Fairlie alilifikiria jibu hilo, akaona halina kosa. Akapapasa upara wake kwa uangalifu.

"Jina yako nani?"

Nicodemus alinyoosha kanzu yake. Pale ubaoni kofia zote zilikuwa zimejiinua na kubaki juu, zinangoja pamoja naye.

"Nicodemus Wasike, bwana."

Bwana Fairlie alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Sawa, boi. Tafuta kamba. Funga kofia yote."

Kofia zikashuka moja moja. Nicodemus alileta kamba ya katani, akazifunga kila moja kwenye kigingi chake, na kila alipokaza fundo aliomba radhi kwa sauti ya chini.

"Nasikia alikuuliza jina," Nabalayo alisema usiku.

"Aliniuliza."

"Akakuita?"

"Nimeshinda nikifunga kofia, Mama Wafula."

Nabalayo alimwongezea mboga.

Kufikia Pasaka wazungu wote wa Nakuru walikuwa wameshonesha kofia zao mikanda ya kufunga chini ya kidevu. Mikanda ilishika vizuri. Tatizo ni kwamba kofia hazikuacha kusalimia, kwa hiyo kila walipopishana na mtu mzima videvu vyao vilivutwa juu, nao wakapita sokoni wakitazama mawingu. Wageni waliotoka Nairobi walisema watu wa Nakuru wana majivuno. Nabalayo, akipanga kabeji zake, aliziitikia kofia zote.

Na Jumamosi, saa saba, Nicodemus alipopita ubaoni na supu, kofia ya felti iliivuta kamba yake mpaka ikanyooka. Alisimama, akainamisha kichwa.

"Mzima," alisema. "Sijui wewe."

"Boi!" Bwana Fairlie aliita kutoka mezani, akiangalia dari. "Supu!"

Nicodemus akampelekea. Haikuwa na karoti.