Mtihani wa Mwalimu Aroni

Sista Veneranda alikuwa na desturi moja isiyoandikwa katika mwongozo wowote wa wodi. Mgonjwa aliyeng'ang'ania kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari hakupewa kalamu ya kutia sahihi mpaka aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, litakalompata huko aendako. Wengi walikwama katikati, wakarudi kitandani.

Siku hiyo, katika hospitali moja ya Mbeya, aliyeketi mbele yake kwa koti na tai alikuwa Mwalimu Aroni, mzee wa kijiji cha Kalenga, aliyemfundisha Veneranda darasa la nne. Kisukari kilikuwa kimeuozesha mguu wake wa kulia, nao ulipangwa kukatwa kesho yake asubuhi. Danieli, mwanawe, alikwisha kufunga mizigo.

"Eleza, Mwalimu. Usipokatwa, nini kitafuata?"

Miaka yote Veneranda alitaka mgonjwa aelewe. Leo alimwomba Mungu kwamba mzee akosee, ili yeye apate sababu ya kumwita daktari na kuichelewesha safari.

"Simama wima ndipo uulize," mzee alisema. "Uozo utapanda. Sumu itaingia katika damu. Nitashikwa na homa, nitaweweseka, kisha figo zitagoma. Siku tatu, pengine nne. Nimesaza nini?"

"Hujasaza kitu."

"Basi nipe maksi zangu."

"Mwalimu, watu wanaishi na mguu mmoja."

"Wanaishi. Mimi kwa miaka thelathini na minane nimewakataza watoto kuegemea ukuta. Leo niegemee mkongojo?"

"Baba, msikilize basi," Danieli alisema.

"Wewe beba begi."

Veneranda akatoa kalamu. Mzee alitia sahihi kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Sista akamwondolea sindano ya dripu, akamfunga kidonda upya, akampa Danieli dawa na namba yake ya simu.

"Akibadili nia, hata mkiwa mmeshafika Makambako njiani, geuzeni gari. Hakuna atakayemcheka."

Siku ya tatu Danieli alipiga simu. Baba anachemka, alisema, anaukazia macho ukuta na kuita majina ya wanafunzi.

"Mpeleke hospitali iliyo karibu. Sasa hivi."

"Alfajiri alizinduka, sista, nikamsihi tena. Anasema swali hilo alishalijibu."

Veneranda akaanza kumweleza namna ya kulowesha pamba na kumpangusia baba yake midomo, polepole, asije akapaliwa.